Vyama vya kwanza vya madaktari wa meno na ugomvi wa zebaki

Mwaka 1833 ndugu wa ukoo wa Crawcour walifika New York wakitokea Ulaya. Walifungua chumba chenye samani za kifahari, wakajitangaza magazetini kwamba wanaziba meno bila maumivu kwa dutu mpya waliyoipa jina la kifalme. Dutu yenyewe ilikuwa chenga za fedha zilizokorogwa na zebaki. Uozo haukuchimbwa. Uji wa madini ulishindiliwa juu yake, mteja akalipa akaondoka, na ndani ya saa chache uji ukaganda kuwa mgumu.

Matatizo yalikuja baadaye. Fedha ya siku zile mara nyingi ilipatikana kwa kukwangua sarafu, ambazo zina shaba ndani yake. Fedha ikishikana na zebaki hutanuka inapoganda, na jino ambalo kuta zake zimebaki nyembamba kwa kuoza halihimili msukumo huo: hupasuka, au kipande cha ukingo humeguka wakati wa kutafuna. Salfa iliyomo katika vyakula na mate huligeuza ziba hilo jeusi, na weusi huonekana kupitia enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino. Chini yake uozo huendelea kula dentini, tabaka lililo chini ya enameli, mpaka ufike kwenye kiini cha jino, ambako kuna mshipa wa fahamu.

Mwaka uliofuata, 1834, madaktari wa meno wa jiji hilo waliunda chama cha jiji na jimbo la New York, ambacho huhesabiwa kuwa cha kwanza cha aina yake Marekani. Hakikudumu miaka mingi. Lakini ndani yake tayari kulikuwa na mambo mawili yaliyovisumbua vyama vyote vilivyofuata: kumlinda mgonjwa dhidi ya kazi mbovu, na kumlinda mwanachama dhidi ya mshindani wa bei rahisi. Waliokuwa wakiziba kwa foili ya dhahabu, yaani dhahabu iliyofuliwa nyembamba kama karatasi, walimweka mteja kitini kwa saa nzima au zaidi, na bei yao ililingana na kazi. Walipowashutumu ndugu wale walikuwa na haki kabisa kuhusu uozo ulioachwa ndani. Kuhusu zebaki yenyewe walikuwa wakibahatisha, kwa sababu hakuna aliyekuwa amepima chochote.

Kabla ya hapo elimu ya meno ilikuwa mali ya siri. Mwenye mbinu nzuri ya kutengeneza meno bandia aliificha hata kwa mwanagenzi wake mpaka amalize miaka yake ya kutumika, na wengine walikufa nayo. Aliyevunja desturi hiyo kwa kishindo ni Mfaransa Pierre Fauchard, aliyechapisha mwaka 1728 jijini Paris kitabu cha juzuu mbili kilichoweka kila kitu hadharani: umbo la koleo na vikwangulio, namna ya kujaza shimo kwa bati, risasi au dhahabu, namna ya kuyavuta meno yaliyopinda kwa utepe wa chuma uliofungwa nyuzi, na namna ya kuishikilia safu ya juu ya meno bandia kwa springi. Alikataa imani kwamba meno hutobolewa na mdudu, akailaumu sukari. Aliwataka wenzake wamketishe mgonjwa kwenye kiti badala ya sakafuni, jambo ambalo leo linaonekana dogo lakini lilibadilisha mkao wa daktari, mwanga anaoupata na nguvu anayotumia mkononi. Alifichua pia hila za wang'oa meno wa barabarani. Mtu aliyekuwa na wateja wa kutosha hakulazimika kufanya hivyo, na ndiyo maana namweka mbele ya wote waliomfuata.

Uingereza, John Hunter alitoa mwaka 1771 maelezo ya anatomia ya meno na taya ambayo wapasuaji waliyaheshimu. Upande wa Marekani walikuwepo mafundi zaidi kuliko wanasayansi. John Greenwood, aliyemtengenezea meno George Washington kwa pembe ya kiboko na dhahabu, aligeuza gurudumu la kusokotea nyuzi la mama yake mwaka 1790 likawa keekee ya kukanyagwa kwa mguu. Mwaka huohuo Josiah Flagg aliunda kiti cha mbao chenye kiegemeo cha kichwa na mkono wa kuwekea vyombo. Mafundi wa namna hii walikuwa wachache, wametawanyika, na hawakuwa na mahali pa kukutana.

Waliobadilisha hali hiyo ni wawili: Horace Hayden wa Baltimore, aliyezaliwa mwaka 1769 na aliyekuwa pia mwanajiolojia, na Chapin Harris, kijana kuliko yeye, aliyejifunza kazi kwa kaka yake John Harris, ambaye alikuwa akiwafundisha vijana katika kijiji cha Bainbridge, Ohio. Ndani ya muda mfupi sana vilizaliwa vitu vitatu. Mwaka 1839 likaanza jarida la kwanza la taaluma hiyo. Februari 1840 chuo cha upasuaji wa meno cha Baltimore kikapata hati ya kisheria kutoka jimbo la Maryland, na darasa lake la kwanza lilikuwa na wanafunzi watano. Wawili walihitimu mwaka 1841, mmoja wao Robert Arthur ambaye tutamrudia. Agosti 1840 madaktari wakakutana New York kuunda chama cha nchi nzima, Hayden akiwa rais.

Vitu hivi vitatu vilitegemeana. Jarida lilihitaji chama kilete makala na walipaji, chuo kilihitaji jarida ili kiwe na kitu cha kufundishia, na chama kilihitaji chuo ili kiweze kusema ni nani anayestahili kuitwa daktari wa meno. Kimoja kikiyumba, vingine vinaumia. Na chama ndicho kilichoyumba.

Chanzo kilikuwa zebaki tena. Mwaka 1841 kamati ya chama ilitangaza kwamba dutu zote za kuzibia zenye zebaki ni za hatari. Mwaka 1843 matumizi ya amalgamu, yaani ule mchanganyiko wa fedha na zebaki, yakahesabiwa kuwa utovu wa maadili ya kazi. Mwaka 1845 kila mwanachama akatakiwa kutia saini kiapo kwamba hataitumia kwa hali yoyote. Waliokataa wakatishiwa kufukuzwa, na baadhi wakafukuzwa kweli. Eleazar Parmly wa New York, mmoja wa madaktari wenye sifa kubwa zaidi wakati huo, alikuwa mstari wa mbele. Wanachama wengine walikuwa wakiitumia amalgamu kimyakimya kwa meno ya nyuma ya wagonjwa wasioweza kulipia dhahabu, na waliona inadumu ikiwa shimo limesafishwa vizuri. Wakajiondoa. Kiapo kilifutwa mwaka 1850, lakini chama kilikuwa kimeshapoteza watu na heshima, kikavunjwa mwaka 1856.

Naona kosa la chama hicho halikuwa kuikataa amalgamu, kwa sababu amalgamu ya wakati ule ilikuwa mbovu kweli. Kosa lilikuwa kulimaliza swali la maabara kwa kura. Waliofukuzwa hawakupewa nafasi ya kuleta meno waliyoyaziba yakaguliwe, na waliofukuza hawakuonyesha kipimo chochote cha kutanuka wala cha sumu.

Vyama vidogo ndivyo vilivyobaki hai. Chama cha bonde la Mississippi kilikuwa kimeundwa Cincinnati mwaka 1844, cha Pennsylvania mwaka 1845, na vingine vikafuata katika miji mbalimbali. Shughuli zao zilikuwa za mkono zaidi kuliko za katiba. Mwanachama alisoma makala fupi, wenzake wakaihoji, kisha akaletwa mgonjwa na mmoja akafanya kazi huku wengine wamemzunguka. Mtu hawezi kuficha udhaifu wa mkono wake mbele ya macho ya wenzake kumi, na hawezi kuificha mbinu yake pia.

Kati ya mambo yaliyoonyeshwa katika vikao vya namna hiyo, foili ya dhahabu inastahili kuelezwa kwa urefu kidogo. Mwaka 1855 Robert Arthur yule wa Baltimore alieleza matumizi ya dhahabu inayoshikana yenyewe kwa yenyewe. Dhahabu safi iliyofuliwa nyembamba hunasa gesi za hewani, na gesi hizo ndizo zinazozuia vipande visiungane. Ukipitisha kipande kwenye mwali wa spiriti hadi gesi zitoke, kisha ukakigandamiza juu ya kingine bado kikiwa kikavu, vinaungana vikiwa baridi kana kwamba vimeyeyushwa pamoja. Daktari alianza kwa kutoboa vishimo vidogo kwenye pembe za ndani za shimo, akakwamisha vipande vya kwanza humo, kisha akajenga kipande juu ya kipande kwa kishindilio chenye meno madogo kwenye ncha, akigonga kwa nyundo ndogo. Ukiukosea moto kwa kuupunguza, vipande vinabanduka tabaka kwa tabaka. Ukiuzidisha, dhahabu inakakamaa. Na tone moja tu la mate likigusa uso wa kazi, kila kinachowekwa juu yake hakishiki, na ziba litang'oka pale pale lilipolowa.

Mate yalikuwa adui mkubwa mpaka mwaka 1864, Sanford Barnum wa New York alipotoboa tundu kwenye kipande chembamba cha mpira na kukivisha shingoni mwa jino. Mpira ulibana, ufizi na ulimi vikabaki nyuma yake, na jino likasimama peke yake likiwa kavu kwa muda wote wa kazi. Barnum hakudai malipo. Aliwapa wenzake wote ugunduzi huo bure, na vyama vilimsifu kwa hilo kwa miaka mingi. Shuka hilo la mpira bado linatumika leo, hasa katika kutibu mizizi.

Mwaka huohuo wa 1864 mpira mwingine ulileta vita. John Cummings wa Boston alipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya mgunduzi kuwazuia wengine wasiutumie ugunduzi wake bila ruhusa, ya kutengeneza bamba la meno bandia kwa mpira mgumu, yaani mpira uliopikwa na salfa nyingi. Kampuni ya Goodyear Dental Vulcanite ikaishika hataza hiyo, na mweka hazina wake, Josiah Bacon, akazunguka nchi nzima akiwadai madaktari leseni na mrabaha, na kuwashtaki waliokataa.

Ili kuelewa kwa nini madai hayo yaliuma, inafaa kuujua utaratibu wenyewe. Etha, dawa ya kumfanya mgonjwa asihisi maumivu, ilikuwa imeonyeshwa hadharani Boston tarehe 16 Oktoba 1846 na William Morton, daktari wa meno. Kabla yake, Desemba 1844, Horace Wells wa Hartford alikuwa amevuta gesi ya kuchekesha na kung'olewa jino lake mwenyewe na mwenzake John Riggs. Baada ya dawa hizo watu wengi zaidi walikubali kung'olewa meno yote mabovu kwa mara moja, na mahitaji ya meno bandia yakapanda. Bamba la dhahabu lilifuliwa kwa nyundo juu ya kalibu za chuma, likagharimu pesa nyingi na ufundi mkubwa. Mpira ulikuwa rahisi mno kulinganisha. Daktari alichukua chapa ya ufizi kwa nta au plasta, akamwaga plasta kupata nakala ya taya, akajenga bamba la nta juu yake na kupanga meno ya kauri yenye vipini vidogo vya platinamu nyuma. Vyote vilifukiwa kwenye kichupa cha chuma cha vipande viwili kilichojazwa plasta. Plasta ikishakauka, kichupa kilifunguliwa, nta ikaondolewa kwa maji ya moto, meno yakabaki yameshikwa upande mmoja. Mpira laini uliochanganywa na salfa, na rangi nyekundu ya kuufananisha na ufizi, ulipashwa moto ulegee, ukashindiliwa kwenye nafasi iliyoachwa na nta, kichupa kikafungwa polepole kwa skrubu, kisha kikaingizwa kwenye boila ndogo ya mvuke kwa kiasi cha nyuzi 160 za Selsiasi kwa muda wa saa moja hivi.

Yalikuwepo mengi ya kuharibika. Ukipandisha joto haraka, sehemu nene za bamba hutoa gesi kabla hazijaganda, na ndani yake hubaki vitundu kama vya sponji vinavyonasa chakula na kunuka. Ukikifunga kichupa kwa nguvu kabla mpira haujalegea, meno husogea au nakala ya plasta huvunjika, na bamba halitakaa kinywani. Ukifungua ungali moto, bamba hupinda. Na kwenye joto hilo shinikizo la mvuke ndani ya boila ni takriban mara sita ya lile la hewa, kwa hiyo boila zisizotunzwa zililipuka. Hata hivyo, daktari wa mji mdogo aliweza kujifunza kazi hii, na mtu wa kipato cha kawaida aliweza kununua meno kwa mara ya kwanza. Sasa mtu akamjia kumdai leseni ya kufanya hivyo.

Ndipo vyama vilipoitisha michango ya kuwatetea wanachama mahakamani, na madaktari ambao hawakuwahi kuona faida ya chama wakajiunga. Mahakama Kuu ya Marekani iliipa kampuni ushindi mwaka 1877. Miaka miwili baadaye, Aprili 1879, Bacon aliuawa kwa risasi San Francisco na daktari wa meno aliyeitwa Samuel Chalfant, ambaye alikuwa amefuatiliwa na kampuni kutoka mji hadi mji. Hataza iliisha mwaka 1881 na mpira ukawa wa kila mtu. Kisa cha Chalfant husimuliwa sana kwa sababu ya damu yake. Chenye uzito zaidi kwangu ni kwamba kumbukumbu ya kadhia hiyo iliwafanya madaktari wengi wachukie kabisa hataza za mbinu za tiba, na kuziingiza katika maadili yao kama jambo la aibu.

Wakati huo chama kipya cha taifa kilikuwa kimeshazaliwa. Tarehe 3 Agosti 1859 wajumbe 26 walikutana Niagara Falls wakiwa wametumwa na vyama vyao, na kuunda chama cha madaktari wa meno cha Marekani. Hili lilikuwa badiliko la msingi: chama cha mwaka 1840 kilijengwa juu ya watu mashuhuri, hiki kikajengwa juu ya vyama vya chini. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaigawa nchi, na Kusini ikaunda chama chake mwaka 1869. Pande hizo ziliungana tena mwaka 1897. Uingereza njia ilikuwa nyingine, kupitia chama cha kisayansi cha London cha mwaka 1856, sheria ya madaktari wa meno ya mwaka 1878 na chama cha taifa cha mwaka 1880 ambacho rais wake wa kwanza alikuwa John Tomes.

Sheria ndiyo iliyovipa vyama vya wilaya meno ya kung'atia. Alabama ilikuwa na sheria ya kusimamia kazi ya meno tangu 1841 lakini haikutekelezwa, kwa kuwa hapakuwa na chombo cha kuisimamia. New York ilijifunza kutokana na hilo: sheria yake ya mwaka 1868 iliunda chama cha madaktari wa meno katika kila wilaya ya mahakama, vyama hivyo vikachagua wajumbe wa chama cha jimbo, na bodi ya watahini yenye mtu kutoka kila wilaya ikawapima waombaji. Mwombaji alipimwa na watu wanaoijua kazi, si na karani.

Mlango huohuo wa chama ulifunguliwa kwa wengine na kufungwa kwa wengine. Lucy Hobbs alikataliwa na chuo cha Ohio kwa kuwa mwanamke, akajifunza kwa mwalimu binafsi na kwa kutumika chini ya daktari, akafanya kazi Iowa. Mwaka 1865 chama cha jimbo la Iowa kilimpokea kuwa mwanachama na kumtuma kama mjumbe kwenye mkutano wa taifa Chicago. Baada ya hapo chuo kikampokea, na mwaka 1866 akawa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya udaktari wa meno. Robert Tanner Freeman, Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata shahada hiyo, alihitimu Harvard mwaka 1869, lakini vyama vingi havikuwataka wenzake. Madaktari Weusi wa Washington wakaunda chama chao mwaka 1900, ambacho baadaye kilichukua jina la Freeman. Dhuluma hiyo imo ndani ya historia ya vyama hivi sawasawa na kiapo cha amalgamu, na anayeiandika historia hiyo bila kuitaja ameacha nusu yake.

Swali la amalgamu lilijibiwa na mtu wa vyama vya mtaani. Greene Vardiman Black hakuwa na shahada alipoanza kazi Illinois. Alijisomea kemia na kutumia darubini, akawa mshiriki wa kudumu katika chama cha jimbo lake. Alitengeneza mwenyewe vyombo vya kupimia kutanuka na kusinyaa kwa amalgamu, kiasi inavyotiririka chini ya mzigo, na nguvu ya taya inapong'ata. Matokeo aliyochapisha mwaka 1895 yalionyesha kwamba fedha hutanua na bati husinyaza, kwa hiyo siri ni uwiano. Aloi, yaani michanganyiko ya metali, zilizotokana na kazi hiyo zina fedha kiasi cha asilimia 65 hadi 70, bati asilimia 25 hadi 29, shaba isiyozidi asilimia 6 na zinki kidogo sana. Aligundua pia kwa nini aloi ileile ilimpa daktari mmoja ziba zuri na mwingine baya: chenga zilizokatwa sasa hivi huganda tofauti na zilizokaa, na ukizipasha joto la maji yanayochemka zinatulia na kufanana.

Alilisanifu upya shimo lenyewe. Kwanza chora mipaka ya shimo mpaka kwenye sehemu inayojisafisha, kisha lipe sakafu bapa na kuta zinazohimili mzigo, kisha umbo la kushikilia ziba lisitoke, ndipo uondoe uozo uliobaki, ulainishe ukingo wa enameli na usafishe chenga zote. Enameli isiyo na dentini chini yake lazima iondolewe, maana nyuzi zake zitavunjika. Na ukingo wa amalgamu usiwe mwembamba kuliko pembe ya nyuzi 90, kwa kuwa amalgamu huvumilia kukandamizwa lakini humeguka ikivutwa. Siku hizi tunakata jino kidogo kuliko alivyoshauri, na tangu mkataba wa kimataifa wa Minamata kuhusu zebaki wa mwaka 2013 nchi zinapunguza amalgamu kwa ajili ya mazingira. Lakini kanuni ya enameli isiyo na tegemeo bado inafundishwa.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Illinois ilipanga upya chama chake: daktari anajiunga na chama cha eneo lake, na kwa uanachama huo huo anakuwa mwanachama wa jimbo. Mwaka 1913 chama cha taifa kiliuchukua mpango huo kikaongeza ngazi yake juu. Mwombaji bado anaanzia chini, kwa wenzake wanaoijua kazi yake.